Picha ya malipo si malipo: gari la Kasongo na mnunuzi wa ng'ambo

KASONGO – Huku kusini mwa Maniema, familia inayouza gari mara nyingi haiuzi kwa sababu imepata lingine. Inauza kwa sababu kuna mgonjwa wa kupeleka Kindu, kuna watoto waliofukuzwa shuleni, ama imekimbia kijiji na gari ndilo kitu pekee kilichoweza kutoka. Picha zinawekwa kwenye WhatsApp asubuhi. Jioni mtu wa mbali anaandika. Anasema yuko Dubai, ama Marekani, na anakubali bei bila kuvutana.

Hapo tu muuzaji angepaswa kushtuka. Nani Kasongo amewahi kununua hata baiskeli bila kuvutana bei?

Njia ya magari inajulikana. Mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, yanashuka Dar es Salaam, yanafika Kigoma, yanavuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha yanateseka kwenye matope mpaka huku. Kila kituo kinaongeza bei. Land Cruiser iliyofika Kasongo au Kabambare imekwisha kulipa meli, ushuru, mafundi na vizuizi vya njiani. Mtu aliye Dubai, ambako magari ya namna hiyo yamejaa, atafute gari Kasongo la nini?

Tapeli anajua swali hilo litakuja, na jibu analo tayari. Gari si la kwenda Dubai, atasema. Ni la mdogo wake anayenunua dhahabu Salamabila. Maneno hayo yanaingia kirahisi, maana ni kweli kwamba dhahabu nyingi ya mashariki mwa Kongo huishia Dubai, na wakaaji wa Kabambare wamezoea kuona wageni wenye pesa tangu kampuni ya Banro ilipokuwa inachimba Namoya. Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019, lakini wachimbaji wadogo na wanunuzi hawakuondoka. Mwingine atasema ni mtoto wa Kabambare, alikulia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, sasa yuko Marekani. Hilo nalo linawezekana: watu wengi wa huku na wa Fizi waliishi Nyarugusu tangu 1996, na wengi walipelekwa Marekani kutoka kambi hiyo. Anaongea Kiswahili cha huku. Anauliza habari za mvua. Anamwita muuzaji yaya, na mke wake mama.

Mtaani husemwa kwamba aliyeibiwa alikuwa na tamaa. Ni hukumu ya haraka. Tamaa ipo, ndiyo, lakini kinachomfunga muuzaji zaidi ni haya. Mtu amekuita yaya, amewaombea watoto wako, utamwambiaje kwamba humwamini? Matapeli wanaishi kwa haya hiyo. Na baada ya wizi, haya hiyohiyo inawalinda, kwa sababu aliyeibiwa ananyamaza, na jirani yake anaibiwa mwezi unaofuata kwa maneno yaleyale.

Wakaaji wengi hawajaelewa jambo moja: mwizi wa ng'ambo hataki gari. Atalipeleka wapi? Anataka pesa kidogo ambazo muuzaji anaweza kukopa kwa jirani.

Mfano wake uko hivi. Gari ni dola 9,000. Mnunuzi anatuma picha ya karatasi ya benki yenye mihuri na namba ndefu, na karatasi inaonyesha dola 11,500. Anaeleza kwa upole kwamba dola 2,500 za ziada ni za msafirishaji aliye Kalemie, ambaye hana akaunti ya benki. Pesa zitaingia baada ya siku tatu, lakini msafirishaji anaondoka kesho. Yaya amtumie angalau 500 kwa M-Pesa, zilizobaki watamalizana. Muuzaji anaona 11,500 kwenye picha, anaona 500 ni kitu kidogo, anakopa, anatuma. Siku ya tatu kuna ushuru. Siku ya tano kuna ada ya kufungua akaunti iliyozuiwa. Gari bado liko uani, halijasogea hata mita moja, na familia imekwisha kuibiwa.

Karatasi ile, hata ikiwa na jina la SWIFT juu yake, haina pesa ndani. Mtoto mwenye simu nzuri anaweza kuitengeneza kwa nusu saa. Na hata ingekuwa ya kweli, inaonyesha tu kwamba mtu fulani aliagiza benki yake. Pesa ni zile ambazo benki ya muuzaji yenyewe imesema zimeingia na ikakubali kuzitoa. Mnunuzi halali hana sababu ya kulipa zaidi ya bei na kuomba arudishiwe. Kwa nini asimlipe msafirishaji wake mwenyewe?

Ndugu walio ng'ambo nao wanaingizwa. Muuzaji anaambiwa: una kaka yako Marekani, nitamtumia cheki. Cheki inafika, benki inaonyesha pesa kwenye akaunti, kaka anafurahi na kutuma ile sehemu ya msafirishaji. Wiki mbili ama tatu baadaye benki inagundua cheki ni ya uongo, inavuta pesa zake, na deni linabaki kwa kaka. Kwa hiyo onyo la huku lifike na huko.

Wizi wa karibu ni tofauti, na huo unakitaka kitu chenyewe. Mara nyingi kitu hicho ni pikipiki, ambayo kwa familia nyingi ndiyo shamba na mshahara. Bosi wa ng'ambo amekwisha kukubali bei kwa simu. Anayefika uani ni kijana aliyetumwa kuchukua. Mesaji inalia kwenye simu ya muuzaji: umepokea kiasi fulani. Maneno yanafanana kabisa na ya M-Pesa ama Airtel Money. Lakini imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ama salio lililoandikwa halilingani na lililokuwepo. Kijana ana haraka, mvua inakuja, pantoni ya Kasongo-Rive haitamngoja. Pikipiki ikivuka Lualaba, nani ataifuata?

M-Pesa imekuwa Kongo tangu 2012 na imesaidia wengi, hasa mahali ambapo benki iko mbali kwa siku nzima ya safari. Ubaya hauko kwenye huduma hiyo. Ubaya ni kuamini mesaji badala ya salio. Mwenye simu abonyeze mwenyewe *1122# kwa M-Pesa, ama *501# kwa Airtel Money, aone salio lake kwa macho yake, na asimpe mnunuzi simu amsaidie. Rezo ikiwa imepotea, pikipiki inalala. Inafaa pia kukumbuka kwamba akaunti ya simu ina kikomo, na wakala wa hapa hana maelfu ya dola kwenye sanduku lake. Mesaji moja inayodai kwamba bei yote ya gari imeingia kwenye simu ingetosha kumfanya muuzaji acheke.

Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, benki za miji hiyo zilifunga milango. Habari hiyo ya kweli imekuwa kisingizio kizuri: pesa zimekwama Bukavu, tuma kidogo zifunguliwe. Pesa zilizokwama kweli hazifunguliwi kwa dola 200 zilizotumwa kwenye namba ya mtu binafsi.

Wako wanaosema masharti makali yatawafukuza wanunuzi wa kweli. Watoto wa Maniema walio nje hununua kweli: nyumba, mashamba, pikipiki za wadogo zao. Lakini mnunuzi wa kweli ana watu hapa. Ana shangazi Kasongo, ana mjomba Wamaza, ana mtu anayeweza kuja kuliangalia gari, kuliwasha, kulala chini na kutazama chasi. Anayenunua gari la dola 9,000 bila hata mtu mmoja kulishika usukani, hajafika kununua. Muuzaji aombe jina la huyo shangazi, kisha aende kumwona nyumbani kwake, si kwa simu.

Biashara ya mbali haikuanza na WhatsApp. Karne ya 19, Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip, misafara yake iligharamiwa na Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja. Biashara ile ilikuwa ya pembe na watumwa, na hakuna wa kuitamani. Lakini Taria Topan alijua anamkopesha nani.

Ugumu mkubwa uko kwa familia zilizohama. Mkaaji wa zamani ana majirani wa kumshuhudia. Aliyefika juzi kutoka vijiji vya Kabambare ama upande wa Fizi ni mgeni, amefikia kwa watu, na kila siku anayokaa bila kuuza anakula chakula cha mwenyeji wake. Haraka hiyo tapeli anainusa. Heri mauzo yake yafanyike mbele ya shefu wa mtaa na mtu wa kamati ya waliohama, hati iandikwe, na karte roze ibaki mkononi mwa muuzaji mpaka pesa zihesabiwe. Karte roze isipigwe picha na kutumwa kwa mtu asiyejulikana. Kwa picha hiyo na picha za gari, tapeli anaweza kuliuza gari hilohilo kwa mtu mwingine, na siku moja mgeni mwenye hasira atafika uani akidai amekwisha kulipa.

Kusema "lipa taslimu" nako si mwisho wa shida. Kubeba dola 9,000 kwenye njia zenye watu wenye silaha ni hatari, na noti nazo zina mambo yake: iliyopasuka kidogo inakataliwa sokoni, na za bandia zipo. Kwa gari la bei kubwa, safari ya Kindu, hata kama ni ndefu na barabara ni mbovu, ina faida yake: pesa zinawekwa benki mbele ya macho, mtu wa benki anathibitisha, ndipo funguo zinatolewa hapohapo. Gharama ya safari igawanywe. Mnunuzi anayekataa jambo hilo, na kukataa pia kumtuma ndugu, amekwisha kujibu.

Kwa aliyekwisha kutuma pesa, saa ya kwanza ndiyo yenye maana. Apige simu kwa huduma ya kampuni ya simu na kuomba pesa zizuiwe kabla hazijatolewa. Asifute mazungumzo hata kama yanamuaibisha. Aandike namba, saa na kiasi, kisha aende polisi ama parketi. Sheria ya jinai ya Kongo, kifungu cha 98, inaadhibu utapeli kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano, na tangu Machi 2023 kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali. Tapeli aliye mbali huenda asikamatwe. Lakini namba iliyopokea zile dola 500 ni ya hapa Kongo, iliandikishwa kwa jina la mtu, na mtu huyo alikwenda kwa wakala fulani kuzitoa. Kisha aliyeibiwa awasomee majirani mazungumzo yale, neno kwa neno, kwa sababu mnunuzi huyohuyo yawezekana anamwandikia mmoja wao usiku huo.