Mkeka Hauozi Barazani, Huozea Safarini

Ukitaka kujua watu walisafiri vipi, usiwaulize wenyewe. Utazame mkeka waliorudi nao. Wao watakwambia safari ilikuwa njema, alhamdulillahi, lakini mkeka hausemi uwongo. Ukiwa umevunjika katikati, utajua ulikaliwa na masanduku. Ukinuka uvundo, utajua ulikunjwa ukiwa bado na umande. Ukiwa na doa jeusi la mafuta, utajua ulisafiri ndani ya buti la gari pamoja na jeki na madumu.

Huenda wako watakaosema kwamba ukurasa wa utamaduni una mambo makubwa zaidi ya kuzungumzia kuliko jinsi ya kufunga mkeka. La hasha, ndugu msomaji. Kwetu sisi watu wa pwani, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, mkeka ndio tunaoukalia kwa nikahi, ndio tunaoswalia, na ndio tunaowatandikia watu matangani. Tukienda harusini mji wa mbali, tukienda Maulidini Lamu katika Mfungo Sita, tukiwapeleka watoto ufuoni siku ya pili ya Idi, mkeka huwa wa kwanza kutolewa nyumbani. Kwa bahati mbaya, wakati wa kurudi huwa wa mwisho kukumbukwa. Husemwa kwamba watu wamekunja jamvi, maana yake shughuli imekwisha. Kumbe shughuli ya jamvi lenyewe ndiyo kwanza inaanza!

Rai yangu ni hii: mkeka wetu hauna udhaifu unaosingiziwa. Ukitandikwa barazani na kutunzwa, hukaa miaka. Kinachouua ni safari, na safari huuua kwa sababu sisi hatuuhifadhi njiani. Kisha tunaulaumu kwamba haudumu, tunakwenda dukani tukanunua wa plastiki, na yule mama aliyekuwa akitusukia akakosa mnunuzi.

Anayetaka kukihifadhi kitu na akijue kwanza kimetokana na nini. Mkeka mwembamba wa kulalia na wa kupokelea wageni husukwa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu. Jamvi, ambalo ni nene na gumu zaidi, aghalabu husukwa kwa miyaa, na miyaa hutoka kwenye mkoma. Majani hukatwa, yakaanikwa, yakachanwa, na yale yanayotakiwa rangi yakachemshwa pamoja nayo. Kisha husukwa ukili, ambao ni utepe mrefu, na mwishowe ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Kazi hiyo si ya siku moja wala mbili. Mama huifanya baina ya kupika na kulea, na mkeka mmoja mkubwa waweza kumchukua wiki kadhaa.

Sasa tazama jambo moja. Msukaji huulowesha ukindu kidogo kabla ya kuusuka. Kwa nini? Kwa sababu jani kavu likipindwa ghafla huvunjika. Mwenye kulielewa hilo ameshaelewa nusu ya elimu ya kuhifadhi mkeka. Mkeka uliokwisha kukauka ukikunjwa mara nne kama shuka, kila kunjo ni jeraha. Safari ya kwanza hutauona. Safari ya tatu utaona mstari mweupe. Safari ya tano ukili umekatika, na watoto wanachomoa vijiti vya ukindu wakichezea. Mkeka haukunjwi, mkeka hubiringishwa. Tena ubiringishwe ule uso tunaoukalia ukiwa ndani, ili usiguse uchafu wa njiani, na ufungwe kamba mahali patatu, miisho miwili na katikati, bila ya kukazwa mpaka ukabonyea.

Nusu ya pili ya elimu hiyo ni maji. Mkeka uliotandikwa nje usiku kucha hunywa umande hata kama mvua haikunyesha. Wenye haraka ya kuwahi basi la alfajiri huubiringisha hivyo hivyo, wakautia ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga kwa nguvu, wakidhani wameukinga. Wameutilia koga kwa mikono yao wenyewe, kwani unyevu umefungiwa ndani pamoja na joto, nayo koga haitaki zaidi ya hayo. Mkeka uliongia kawa hupata madoa meusi ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Usimamishwe kwanza kivulini penye upepo mpaka ukauke. Nasema kivulini kwa makusudi, kwa maana jua kali la mchana kutwa hufifisha rangi na kuufanya ukindu uwe mkavu kupita kiasi.

Maji ya bahari yana shari zaidi. Chumvi ikibaki katikati ya ukili huvuta unyevu wa hewa, hata mkeka ukawa haukauki sawasawa. Uliotandikwa ufuoni au uliorushiwa mawimbi chomboni sharti upanguswe kwa maji matamu kabla ya kuanikwa. Na aliye chomboni asiutie mkeka ngamani ambako maji hujikusanya. Autafutie mahali pa juu pakavu. Mchanga nao ni adui wa kimya kimya. Hukaa ndani ya ukili, na kila anayekaa juu yake huusaga, ukawa kama msasa unaokula nyuzi. Ukung'ute mkeka, uugeuze, uukung'ute tena, kisha ndipo uubiringishe.

Linalobaki ni zito kuliko yote, nalo ni twahara. Mabasi yetu na magari ya mizigo hupakia kila kitu: mbuzi, kuku, vikapu vya samaki, madumu ya mafuta. Mkeka unaotupwa juu ya paa au kwenye buti katikati ya vitu hivyo utafika salama kwa macho, lakini je, utafika safi kwa swala? Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi, na najisi haitwahariki kwa kukauka tu. Sharti maji. Mtu aweza kufika ugenini, akakirimiwa, akatandika mkeka wake kwa furaha ili jamaa waswali Magharibi, naye hajui kilichouchuruzikia njiani. Kwa hiyo kuuweka mkeka mahali pazuri garini si umaridadi wala si madaha. Ni sehemu ya kuihifadhi ibada.

Wala asidhani mtu kwamba mkeka ni kitu duni kisichostahili uangalizi huo. Imamu Bukhari amepokea simulizi ya Anas bin Malik, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alialikwa chakula na bibi aliyeitwa Mulaika. Walipokwisha kula, Anas aliuendea mkeka wao uliokuwa umegeuka mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaurashia maji, na Mtume akasimama juu yake akawaswalisha. Mkeka ule ulikuwa mkuukuu, tena mweusi, lakini ulikuwako. Haukutupwa kwa sababu umezeeka. Ulitunzwa mpaka ukapata heshima ya kuswaliwa na mbora wa viumbe.

Najua jibu la wapinzani wangu. Watasema: mkeka wa plastiki ni mwepesi, bei yake nafuu, ukilowa waupangusa, na hauna haja ya masharti yote hayo. Hayo ya wepesi na bei siyakatai. Mwenye kipato kidogo na watoto wengi asilaumiwe kwa kununua anachokiweza. Lakini hilo la kutokuwa na masharti si kweli. Huko Marekani wako watu wanaosafiri wakikokota kijumba cha magurudumu nyuma ya gari, na wakipiga kambi hutandika mkeka wa plastiki mbele ya mlango. Nao pia hulazimika kuukung'uta mchanga na kuukausha kabla ya kuuweka, kwani wakiubiringisha ukiwa na maji utafunguliwa ukinuka. Basi masharti ni yale yale. Ambaye hautunzi wa ukindu hatautunza wa plastiki.

Tofauti huonekana mwishoni. Mkeka wa ukindu ukichakaa hurudi ardhini ukawa mbolea. Wa plastiki jua huukatakata vipande vidogo vidogo, upepo ukavipeleka baharini, na hakuna anayeviokota. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017 kwa kuona madhara yake. Huko Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, likaitwa Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja likiwapa watu mawaidha kuhusu taka hizo. Haielekei bahari isafishwe na mafundi kwa upande mmoja, na sisi tuichafue kwa upande wa pili kwa ajili ya uvivu wa kubiringisha mkeka.

Nini basi la kufanya? Kwanza, kila msafara uwe na mtu wa mikeka, kama vile ulivyo na mtu wa sufuria. Kitu cha wote kisipokuwa na mwenyewe huharibika, na majamvi ya kuazimwa ndiyo yanayoharibika zaidi. Anayeazima jamvi la msikiti au la jirani na alirudishe kavu, limekung'utwa, na kama limekatika ukili, liwe limeshonwa.

Pili, tuwashonee mikeka yetu mifuko ya nguo. Kanga kuukuu moja yatosha kwa mkeka wa kawaida. Nguo hupitisha hewa, huzuia vumbi, na humkinga mkeka na uchafu wa mizigo. Tatu, garini uwekwe juu ya mizigo mingine, si chini yake. Na ukiwa hauna budi kupanda juu ya paa, ufunikwe kwa turubali safi na ufunuliwe mara tu mfikapo. Nne, ukirudi nyumbani usiuingize chumbani papo hapo. Kunguni hupenda kujificha katikati ya ukili, na wengi wamewaleta kutoka ugenini bila ya kujua. Uufungue nje, uupige, uuanike kidogo, ndipo uusimamishe mahali palipoinuka, mbali na mchwa na panya.

Kazi yote hiyo haifiki nusu saa. Ukiipima kwa wiki alizokaa mama wa kisiwani Lamu au wa bonde la Mto Tana akisuka, utaona ni deni dogo sana tunalodaiwa. Na mkeka unaodumu haumnyimi mama huyo riziki, kama wengine wanavyodhani. Linalomnyima ni sifa mbaya ya kwamba mikeka haidumu. Mnunuzi aliyeona mkeka wa jirani yake umekaa miaka kumi ataagiza wake. Aliyeona umeoza kwa Idi mbili hatarudi.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha, kwa wasiojua, ni msala mkuukuu uliochakaa. Hawakutuambia mbacha ni mzuri kuliko msala mpya; walituambia ni wetu, na upitao utapita. Lakini mbacha hauwi mbacha wa kujivunia isipokuwa kwanza uponee safari. Haya basi, Mfungo Sita ukija na vyombo vikianza kupakia, tutazamane sisi kwa sisi kabla ya kuondoka na tuulize: mkeka ni mkavu, na nani ameushika?