Je, Pesa za Wakfu Zaweza Kuishi Milele?

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini ipo mali yenye daftari safi, isiyoibwa na yeyote, ambayo hata hivyo huyeyuka polepole.

Mtazame Alfred Nobel, tajiri wa Sweden aliyefariki mwaka wa 1896. Wosia wake uliagiza mali yake iwekezwe katika dhamana salama, na faida itolewe tuzo kila mwaka. Tuzo ya kwanza, mwaka wa 1901, ilikuwa krona 150,782. Kufikia 1923 ilikuwa imeshuka hadi krona 114,935, ilhali bei za bidhaa zilikuwa zimepanda. Kodi ilichangia, lakini hata ule usalama ulikuwa na hasara yake: hati ya mkopo hulipa riba ile ile hata mkate ukipanda bei. Kodi iliondolewa 1946, na 1953 wasimamizi wakapewa uhuru zaidi wa kununua hisa na majumba. Hata hivyo, tuzo ilirudia thamani yake ya mwanzo mwaka wa 1991, miaka 90 baadaye!

Sasa tuje nyumbani. Tuseme ukoo wenu umechanga shilingi milioni moja za kuwasomesha watoto, kizazi baada ya kizazi. Kila mwaka mnalipa karo ya shilingi 50,000. Bei zikipanda kwa asilimia 6, mfuko wahitaji 60,000 nyingine ili usipungue nguvu. Jumla ni 110,000, yaani faida ya asilimia 11. Benki ikiwapa asilimia 8, mnakula mtaji bila kujua.

Basi mtakimbilia hisa? Ngojeni kwanza. Pimeni pia mwaka mbaya. Nusu ya pesa ikiwa katika hisa, nazo zianguke kwa asilimia 30, mfuko utabaki na 850,000. Je, karo italipwa bila kuuza hisa kwa hasara? Iko akiba ya miaka miwili kando?

Hesabu ikikataa, njia ni tatu tu: kubadilisha mchanganyiko wa rasilmali, kuchanga zaidi, au kutoa kidogo. Wasimamizi wa Nobel wenyewe walipunguza tuzo mwaka wa 2012, kutoka krona milioni 10 hadi milioni 8, ili kuunusuru mfuko.

Katika mkutano ujao wa ukoo, msiulize tu, "Pesa ziko?" Ulizeni, "Zitamsomesha mjukuu?"