Chunusi za binti si uchafu, wala si dalili ya kutaka mume

Ni jioni ya Novemba, msimu wa senene. Katika nyumba moja Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, bakuli la senene waliokaangwa linazunguka sebuleni. Linamfikia kila mtu isipokuwa binti wa kidato cha tatu aliyekaa karibu na mlango.

"Wewe acha, mafuta hayakufai. Hebu tazama uso wako," mama anamwambia.

Bibi anacheka kwa upole. "Mwacheni mjukuu wangu. Ameiva huyo. Akipata mume zitaisha zenyewe."

Wote wanacheka. Binti anainuka, anaaga kwamba anakwenda kusoma, na hatoki tena chumbani hadi asubuhi.

Jina la binti huyo halina haja ya kutajwa, maana nyumba za namna hiyo zipo nyingi, kuanzia Kashai hadi Rwamishenye, na hata kule Muleba. Mtoto anapata chunusi, kila mtu ana maelezo yake, kila jirani ana dawa yake, na mwenye uso hakuna anayemuuliza anaumwa wapi.

Binti huyu alikuwa ameanza kukataa kupigwa picha. Kanisani alikuwa ameacha kuimba kwaya, kwa sababu wanakwaya husimama mbele ya watu. Chini ya godoro lake alificha kikopo kidogo cha krimu isiyo na lebo, alichonunua sokoni kwa pesa ya daftari. Kikopo hicho ndicho kilichokuja kuwapa wazazi wake kazi kubwa kuliko chunusi zenyewe.

Zinatoka wapi?

Kila kinyweleo usoni kina tezi ndogo inayotengeneza mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobalehe, homoni za kiume, ambazo wasichana nao wanazo kwa kiasi kidogo, huziamsha tezi hizo zitoe mafuta mengi. Wakati huohuo seli za ngozi zilizokufa hujikusanya kwenye tundu la kinyweleo na kuliziba. Mafuta yanakosa njia, na bakteria ambao siku zote huishi kwenye ngozi ya kila binadamu wanazaliana humo ndani. Mwili unapopambana nao, panavimba, panauma, na pengine panatunga usaha.

Ndiyo maana chunusi hupenda uso, kifua, mabega na mgongo. Hizo ndizo sehemu zenye tezi nyingi za mafuta.

Wataalamu wa ngozi hukadiria kuwa takriban asilimia 85 ya watu wenye umri kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Baadhi huendelea nazo hata baada ya miaka 30, hasa wanawake. Mzazi aliyesumbuliwa na chunusi nzito ujanani asishangae akiziona kwa mwanawe, kwani urithi una sehemu kubwa.

"Ameiva, anataka mume"

Imani hii ina chembe ya ukweli iliyopinda njiani. Ni kweli kwamba chunusi huja na balehe, na balehe ndiyo inayouandaa mwili wa utu uzima. Lakini chunusi hazisemi lolote kuhusu tabia ya mtoto. Hazitokani na kuwaza wavulana, hazitokani na kujamiiana, na wala haziletwi na kutojamiiana. Wapo watawa wenye chunusi na wapo wenye ndoa na watoto wanne wenye chunusi.

Kauli ya bibi ilikuwa utani, lakini mtoto wa miaka 16 hapimi utani kama wakubwa wanavyopima. Kwa binti anayeuchukia uso wake kila asubuhi, maneno kwamba mwanamume ndiye dawa yanaweza kumfungulia mlango mtu mwenye nia mbaya. Ujauzito nao hautibu chunusi. Wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito, na wapo ambao huzidiwa. Na mwanamume anayempa mimba mwanafunzi, kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya elimu ya mwaka 2016, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela. Utani wa sebuleni usifike huko.

Hofu ya zamani ya Kagera

Katika mkoa huu kuna hofu nyingine ambayo mara nyingi husemwa kwa kunong'ona. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wakati ugonjwa huo ukiitwa Juliana. Waliozika ndugu zao miaka ile bado huutazama upele wowote usoni mwa kijana kwa jicho la wasiwasi.

Upele wa ngozi unaoendana na VVU upo, lakini kwa kawaida una sura nyingine. Huwasha sana, mara nyingi hutokea mikononi na miguuni pande zote mbili, na huacha alama nyeusi za kujikuna. Chunusi huwa na vichwa vyeusi au vyeupe na kwa kawaida haziwashi kiasi hicho. Hata hivyo macho hayapimi VVU. Mwenye wasiwasi aende akapime, huduma hiyo ni bure katika vituo vya serikali. Kumhukumu mtoto kwa kumtazama usoni ni kumwonea.

Je, ni uchafu?

Hapana. Kichwa cheusi cha chunusi si vumbi la barabarani. Ni mafuta na seli zilizogeuka rangi baada ya kupata hewa. Kijana anayesugua uso mara sita kwa siku kwa sabuni ya mche anaikausha na kuichubua ngozi, na ngozi iliyochubuka huvimba zaidi. Kunawa mara mbili kwa siku, na baada ya kutoka jasho jingi, kunatosha. Atumie maji ya kawaida, sabuni laini na vidole, si dodoki.

Jambo moja linalosahaulika ni mafuta mazito ya nywele. Yakishuka kwenye paji la uso huziba matundu, na chunusi hujipanga kando ya nywele. Kubadilisha mafuta hayo, au kuyapaka mbali na paji la uso, kunaweza kuleta nafuu.

Senene, karanga na parachichi

Mama alimnyima binti senene kwa nia njema, lakini hakuna ushahidi kwamba senene, karanga au parachichi huleta chunusi. Mafuta unayokula hayasafiri moja kwa moja kutoka tumboni hadi puani.

Chakula hata hivyo hakijaachwa huru kabisa. Mwaka 2002 watafiti walichapisha taarifa za wakazi wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi. Kati ya watu 1,200 waliochunguzwa, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, hawakumwona hata mmoja mwenye chunusi. Huenda asili yao inachangia, lakini tafiti nyingine nazo zimeonyesha kuwa vyakula vinavyopandisha sukari haraka, kama soda, pipi na mikate myeupe, vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Kwa wengine maziwa nayo yametajwa.

Kwa hiyo kama kuna kitu cha kupunguza mezani, anza na soda. Ndizi, maharage, samaki na bakuli la senene viache vilivyo.

Limau, dawa ya meno na haja ndogo

Limau ni tindikali kali. Likipakwa usoni kisha mtu akatembea juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno, na usoni hukausha na kuunguza. Haja ndogo ya asubuhi, ambayo baadhi ya watu huisifu, haijathibitishwa kutibu chunusi, na kwenye kidonda inaweza kupeleka vijidudu.

Kutumbua kwa kucha nako kuna gharama. Usaha husukumwa chini zaidi, uvimbe unakua na kovu linabaki. Kwa ngozi nyeusi, kila uvimbe unaweza kuacha doa linalodumu miezi kadhaa, na mara nyingi doa hilo ndilo linalomtesa mtu kuliko chunusi iliyolileta.

Kikopo kisicho na jina

Binti wa Hamugembe alipoanza kupaka krimu yake, chunusi zilitulia ndani ya wiki mbili. Uso ukang'aa, rafiki zake wakamsifu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu krimu nyingi za namna hiyo huchanganywa steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Steroidi huzima uvimbe haraka, kisha huigeukia ngozi. Ngozi inakuwa nyembamba na nyekundu, mishipa midogo inaonekana, vinyweleo vinaota, na chunusi za aina nyingine zinatokea. Mtu akijaribu kuacha, uso unalipuka kuliko mwanzo, naye anarudi kwenye kikopo.

Mikorogo mingine ina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kanuni rahisi kwa mzazi ni hii: krimu isiyo na jina, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi isiguse uso wa mtoto.

Mama alipokipata kikopo, cha kwanza kilikuwa hasira. Cha pili kilikuwa swali ambalo lingefaa kuulizwa mwezi mmoja kabla: "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Binti alijibu, "Mama, ningekuambia nini, na wote mnacheka?"

Tiba inayofanya kazi

Walikwenda hospitali pamoja, wakabeba kila kitu alichokuwa akipaka. Hilo ni jambo la kuiga, kwa sababu mtaalamu akiona vikopo anajua anapambana na nini.

Kwa chunusi za kawaida, dawa ya kupaka yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 hupunguza bakteria na kuzibua matundu. Ianze kidogo kidogo, usiku mmoja ndiyo mwingine hapana, na mtumiaji ajue kuwa hupausha mashuka na nguo. Adapaleni huzuia matundu yasizibe. Hiyo wajawazito hawashauriwi kuitumia.

Chunusi zikiwa nyingi na zenye usaha, daktari anaweza kuongeza vidonge vya antibayotiki kama doksisaiklini, kwa kawaida kwa miezi isiyozidi mitatu na sambamba na dawa ya kupaka. Vidonge hivyo si vya kununua dukani kwa kukisia. Havifai kwa wajawazito na huifanya ngozi iungue jua kwa urahisi. Kwa chunusi sugu zinazoacha makovu ipo isotretinoini, dawa yenye nguvu inayosababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hutolewa na mtaalamu pekee, na mwanamke lazima awe na kinga ya uhakika dhidi ya mimba.

Dawa ya kweli ya chunusi ni ya polepole. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na matokeo mazuri huchukua wiki 12 au zaidi. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi, kisha wanarudi kwa muuza vikopo, ambaye yake hufanya kazi ndani ya siku kumi.

Lini usisubiri

Mpeleke mtoto hospitali iwapo ana mavimbe makubwa yanayouma, makovu yanayoanza kujitokeza, au amezama katika huzuni na kujitenga. Msichana mwenye chunusi nyingi, hedhi inayopotea miezi na nywele nyingi kidevuni achunguzwe homoni. Anayetumia dawa za kifua kikuu akipata chunusi asiache dawa, amweleze mhudumu wake, kwani isoniazidi inaweza kuzileta.

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, ikiwemo Bugando jijini Mwanza. KCMC mjini Moshi kuna kituo cha kikanda kilichoanza mwaka 1992 kufundisha wataalamu wa ngozi wa nchi mbalimbali za Afrika.

Binti wa Hamugembe aliachishwa krimu yake kwa usimamizi wa daktari. Mwezi wa kwanza uso ulichafuka kweli, na mama alilazimika kumkumbusha kila jioni kwamba waliambiwa itakuwa hivyo. Mwezi wa nne chunusi zilikuwa zimepungua sana. Madoa bado yapo, nayo yanafifia taratibu. Kwaya amerudi, ingawa anasimama mstari wa nyuma.

Msimu mdogo wa senene ulipofika, bibi mwenyewe ndiye aliyemsogezea bakuli. "Chukua, mjukuu wangu," alisema. "Kumbe hawa hawakuwa na kosa."