Butembo na Beni: Telekomandi ikikataa, mwanafunzi asilipishwe

Miaka michache nyuma, ubao na chaki vilitosha katika kumbi nyingi za Butembo na Beni. Leo mambo ni mengine. Mwanafunzi anatetea kazi yake ya mwisho wa masomo akiwa na tableti, mwezeshaji wa semina ya afya anakuja na projekta, na hata mkutano wa wakulima wa kakao au kahawa unafanyika mbele ya picha ukutani. Mkononi mwa msemaji kuna telekomandi ndogo ya kusogeza kurasa. Mara nyingi hapo ndipo aibu inapoanza: anabonyeza, ukurasa hausogei, anabonyeza tena, hakuna kitu. Watu wananong'ona, dakika ishirini zinapotea, na lawama zote zinatupiwa "rezo".

Rezo haina kosa hapo. Telekomandi hizi hazihitaji intaneti wala mega hata moja. Kinachokosekana ni maandalizi, na anayelipa ni yule aliyesimama mbele, ambaye pengine hakuinunua wala hakuonyeshwa namna inavyofanya kazi.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mkutano katika eneo hili hauitishwi kwa urahisi. Kuna wanaotoka Oicha, Mangina, Mutwanga au Lubero, kwenye barabara ambazo kila msafiri anazipita akiwa na hesabu ya usalama moyoni. Mtu aliyehatarisha safari ili kusikiliza somo la saa mbili hastahili kupoteza nusu saa akitazama ukuta mweupe. Na mwanafunzi ambaye wazazi wameuza mavuno ili asome hastahili kupunguziwa alama kwa sababu ya chombo kisichoelewana na tableti.

Ukweli ni kwamba matatizo mengi ya telekomandi hizi yanajulikana, na karibu yote yanaweza kugunduliwa siku moja kabla.

La kwanza ni mtego wa taa nyekundu. Msemaji anaona nukta nyekundu ukutani, anaamini chombo kiko sawa. Lakini taa ile haitegemei tableti. Inaonyesha tu kwamba mawe, yaani betri ndogo za ndani, yana nguvu kidogo. Taa inaweza kuwaka huku mawasiliano na tableti yakiwa hayapo kabisa.

La pili ni aina ya chombo. Telekomandi nyingi sokoni zinakuja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye mlango wa USB wa kompyuta. Tableti haina mlango mpana wa namna hiyo, kwa hiyo inahitaji kiunganishi kinachoitwa OTG, na tableti yenyewe lazima iwe imetengenezwa kukikubali. Baadhi ya tableti za bei ya chini hazikubali. Jaribio lake ni rahisi: chomeka kipanya cha kompyuta kupitia kiunganishi hicho. Ikiwa mshale hautokei kwenye kioo, kubadilisha mawe hakutasaidia kitu. Tena tableti nyingi zina mlango mmoja tu. Waya wa projekta ukishaukalia, kipokezi kinabaki bila nyumba.

Zile zinazotumia Bluetooth zina tabia yake. Zinakumbuka mashine ya zamani. Telekomandi iliyotumika jana kwa tableti ya mwenzako inaweza kuendelea kuitafuta ile, ikaiacha ya leo. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, kufuta uhusiano wa zamani, kuzima Bluetooth ya mashine ile nyingine, kisha kuunganisha upya. Na anayeweka tableti katika hali ya ndege ili simu zisimsumbue akumbuke kwamba mara nyingi anazima na Bluetooth pamoja nayo.

Jambo lingine halisemwi dukani: kwa tableti, telekomandi ni kama kibodi tu. Inatuma amri ya ukurasa wa mbele au wa nyuma, basi. Faili ikiwa bado iko kwenye hali ya kuandika, au programu iliyoifungua haisikilizi amri hizo, hakuna kitakachosogea. Ndiyo maana pia herufi za kuandikia zinaweza kutoweka kwenye kioo baada ya kuunganisha: tableti inadhani imepewa kibodi halisi. Haijaharibika. Ukizima telekomandi, herufi zinarudi.

Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mbali kwa kuleta bidhaa kutoka Dubai na China kupitia Kasindi. Lakini chombo kisichofaa hakirudi Guangzhou. Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na tableti yake mwenyewe, ajaribu pale pale kabla ya kutoa dola zake. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Wapo watakaosema kwamba eneo lenye vita halina nafasi ya kujadili telekomandi. Wengine watasema bora kurudi kwenye chaki. Chaki haina ubaya, na mwalimu hodari hufundisha hata kwa kijiti chini ya mwembe. Lakini mashine zimekwisha kuingia, na hazingoji mtu awe tayari. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulilionyesha hilo kwa kiwango cha nchi nzima: mashine za kupigia kura zilikuwepo, lakini vituo vingi vilichelewa kufunguka na CENI ikalazimika kuongeza muda. Kuleta chombo ni jambo moja, kukiandaa ni lingine.

Basi vyuo vya Butembo na Beni, pamoja na mashirika yanayoandaa semina, vianze na hatua zisizo na gharama kubwa. Katika kila ukumbi awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa msimamizi wa vifaa. Kila mwanafunzi apewe robo saa, siku moja kabla, ya kujaribu tableti yake na projekta ile ile atakayoitumia. Mawe ya akiba yawepo, na muhtasari uchapishwe kwenye karatasi. Telekomandi ikikataa, mwenzake akae karibu na tableti na kusogeza kurasa kwa kidole, kazi iendelee.

Na walimu wanaotoa alama waweke kanuni iliyo wazi: dakika zilizoliwa na mashine zirudishwe kwa mwanafunzi. Anayepimwa ni yeye na utafiti wake. Telekomandi haikuandikishwa chuoni.