MAZUNGUMZO YA JUMA: Kibao cha Namba na Safari ya Ng'ambo ya Mpaka

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku linapowafika. Jambo lenyewe ni kibao cha namba cha motokaa, na ukaguzi unaofanywa mpakani. Hapo zamani mwenye motokaa alikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Siku hizi mwalimu, muuza nguo na mkulima wa mahindi waweza kuwa na magari yao, na jamaa zao wamesambaa Kampala, Arusha, Mwanza na Kigali. Kuna harusi, kuna matanga, kuna wagonjwa wa kuuguzwa, na kuna biashara. Kwa hiyo watu wengi huvuka mpaka kwa magari, na wengi wao hufika Busia au Namanga bila kujua wataulizwa nini.

Nyumbani kwako watu wakujua kwa uso. Askari wa njia panda aweza kukutambua, na jirani aweza kukushuhudia. Ukivuka mpaka, mashahidi hao wote umewaacha nyuma. Kinachobaki ni kile kibao kilichofungwa mbele na nyuma ya gari lako, pamoja na karatasi ulizoshika mkononi. Vikikubaliana, wewe ni msafiri. Visipokubaliana, wewe ni mtu wa kutiliwa shaka, hata uwe mwaminifu namna gani.

HERUFI ZA NCHI

Vibao vya nchi zetu havifanani, na askari wa mpakani huvijua kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Namba za magari ya Kenya huanza na herufi K. Tangu mwaka 1989 zimekuwa na herufi tatu, tarakimu tatu, na herufi moja ya mwisho. Mwaka 2022 Serikali ilianza kutoa vibao vipya vyenye alama za siri ili visighushiwe kwa urahisi. Namba za Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Huko, gari la mtu binafsi lina kibao cha manjano, na gari la biashara lina kibao cheupe. Namba za Uganda huanza na U, na za Rwanda huanza na R.

Zaidi ya namba, kuna alama ya nchi. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 juu ya safari za barabarani yaliagiza kwamba gari liingialo nchi ya kigeni liwe na alama nyuma yake. Alama hiyo ni herufi moja mpaka tatu, zilizoandikwa kwa rangi nyeusi juu ya umbo jeupe la yai, na urefu wa kila herufi usipungue milimita 80. Alama ya Kenya ni EAK, ya Uganda ni EAU, ya Tanganyika ni EAT, na ya Zanzibar ni EAZ. Herufi EA zatokana na jina la Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Tazameni, basi, ya kuwa hata katika alama za motokaa nchi hizi zimeandikwa kama watoto wa nyumba moja, kila mmoja akiwa na jina lake.

GARI LA KUAZIMA

Tuchukue mfano. Mtu wa Kisumu amepata habari ya kuwa dada yake amelazwa hospitali huko Kampala. Hana gari, lakini rafiki yake anampa lake kwa moyo mweupe. Mtu huyu anaondoka alfajiri na kufika Busia mapema. Afisa wa forodha anaomba cheti cha kuandikishwa kwa gari, kile ambacho Tanzania huitwa kadi ya gari. Cheti kina jina ambalo si lake. Tena si la rafiki yake pia, kwa maana rafiki alilinunua gari lile kwa mtu mwingine na hakujishughulisha kubadilisha jina. Mtu wetu hana barua yoyote ya idhini. Je, afisa afanye nini? Akimwachia apite, naye kumbe ni mwizi, mwenye gari atalia. Akimzuia, naye kumbe ni mtu mwema, mgonjwa atamngoja ndugu yake bure.

Kosa la mfano huu halikuanza mpakani. Lilianza siku ile gari liliponunuliwa. Sheria ya Kenya ya mambo ya barabara yasema kwamba gari lililouzwa lisitumike barabarani kwa zaidi ya siku 14, ila mwenye gari mpya awe ameandikishwa kwa jina lake. Wako wengi wakaao miaka na miaka na gari lenye jina la mtu mwingine, kwa kuogopa gharama kidogo au kwa uvivu tu. Ndani ya nchi mambo yaweza kwenda. Mpakani hayaendi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi ukiazima gari, uombe barua ya mwenye gari iliyoshuhudiwa na wakili, yenye kutaja jina lako, namba ya gari, na nchi unayokwenda. Ikiwa gari lingali katika mkopo wa benki, upate pia barua ya benki, kwa maana benki ni mshiriki katika mali ile.

NAMBA ISIYOONEKANA

Wako wadhanio kwamba kibao ndicho namba ya pekee. Sivyo. Gari lina namba nyingine iliyopigwa chapa katika chuma chake, nayo huitwa namba ya chesisi. Mwizi aweza kung'oa kibao kwa bisibisi kwa dakika chache na kufunga kingine. Aweza hata kutengeneza kibao chenye namba ya gari jingine la aina ile ile na rangi ile ile, hata magari mawili yakatembea kwa jina moja. Lakini namba ya chesisi haing'olewi kwa bisibisi. Hii ndiyo sababu mkaguzi hufungua boneti, akainama na tochi, akalinganisha namba iliyo katika chuma na ile iliyo katika cheti. Polisi wa mataifa, yaani INTERPOL, nao wanalo daftari la magari yaliyoibiwa duniani, nalo hutafutwa kwa namba hiyo. Mtu anunuaye gari kwa bei ya ajabu bila kuitazama namba ya chesisi anaweza kunyang'anywa gari lile mpakani, na fedha zake asizione tena.

Kwa sababu hiyo, mkaguzi akichukua muda usimnung'unikie. Siku gari lako litakapoibiwa, utaomba mkaguzi kama huyo awepo.

Kibao chenyewe nacho kitunzwe. Kibao kilichopinda, kilichofutika, kilichofunikwa kwa tope, au kilichofungwa mahali pasipoonekana, ni kosa hata kabla ya kufika mpakani. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 juu ya makosa madogo ya barabarani ziliweka faini ya shilingi 10,000 kwa kuendesha gari lisilo na vibao, au lenye vibao visivyofungwa kama ipasavyo. Kitambaa na ndoo ya maji ni rahisi kuliko hiyo.

KARATASI ZA SAFARI

Mbali na cheti cha gari na leseni ya udereva, msafiri ahitaji bima inayotambulikana ng'ambo. Bima ya kawaida ya nyumbani aghalabu hukoma mpakani. Kwa ajili hiyo kuna Kadi ya Njano ya COMESA, iliyotokana na mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1986. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania zote hushiriki mpango huo, ijapokuwa Tanzania ilijitoa katika COMESA yenyewe mwaka 2000. Kadi hiyo humlinda mtu utakayemdhuru kwa gari lako. Haitengenezi gari lako wewe. Uliza vizuri kabla ya kulipa.

Kisha kuna hati ya forodha ya kuingiza gari kwa muda. Hati hii ndiyo ahadi yako kwa Serikali ya nchi ile kwamba umekuja kutembea na utarudi na gari lako, wala hukuja kuliuza bila kulipa ushuru. Soma siku zilizoandikwa. Zikikaribia kwisha nawe hujamaliza shughuli, nenda ofisi ya forodha mapema ukaombe kuongezewa. Gari lililopitisha siku zake huhesabiwa kama gari lililoingizwa kwa magendo, na laweza kukamatwa.

Wenye malori nao wana mzigo wao zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari iliweka kwamba lori na mzigo wake visizidi tani 56. Mizani ziko Mariakani, Gilgil, Webuye na kwingineko, wala hazijali kama wewe ni mgeni au mwenyeji.

KIBAO NA UJIRANI

Yafaa tukumbuke ya kuwa kibao cha namba si bati tu. Nchi zikigombana, kibao ndicho kinachoteseka kwanza. Mwaka 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na magari ya Kenya ya kuchukulia watalii yaliyokuwa upande wa pili yakazuiliwa. Mpaka haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Tena mnamo Desemba 2014, Kenya ilikataza magari ya watalii yenye namba za Tanzania kuingia katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Katazo hilo liliondolewa Machi 2015, baada ya Rais Kenyatta na Rais Kikwete kukutana. Katika miezi ile, dereva wa Arusha ambaye hakumkosea mtu alikosa kazi kwa ajili ya herufi moja iliyo mbele ya gari lake. Hasara ya ugomvi wa wakubwa humwangukia mtu wa usukani.

Tukisema kwamba dereva afuate sheria, hatusemi kwamba askari awe huru kufanya apendavyo. Siku hizi kuna vituo vya pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja na msafiri husimama mara moja tu. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na cha Namanga Desemba 2018. Majengo hayo ni mazuri, lakini hayana faida ikiwa msafiri mwenye karatasi kamili atasimamishwa tena kilomita chache mbele na kuulizwa "chai" kwa sababu tu kibao chake ni cha kigeni. Askari afanyaye hivyo huwafundisha watu kwamba uaminifu hauna malipo. Na mtu akijua kwamba atatozwa hongo hata akiwa na karatasi zote, kesho ataziacha nyumbani. Kila ada halali ina risiti. Ukiombwa fedha, omba risiti kwa adabu, na uiweke mpaka urudi kwako.

Basi, msomaji, kabla ya kuwasha motokaa kwenda ng'ambo, tumia jioni moja kuyatazama mambo haya. Linganisha jina lililo katika cheti na lililo katika kitambulisho chako. Linganisha namba ya chesisi na cheti. Pangusa vibao, na utazame kama taa ya nyuma yakimulika kibao usiku. Hakikisha kwamba pembetatu za kuonya zimo garini. Weka Kadi ya Njano na barua ya idhini mahali usipohitaji kupekua mizigo. Na kama waelekea Rwanda, Burundi, Kongo au Ethiopia, kumbuka kwamba huko magari hupita upande wa kulia, na hakuna karatasi itakayokusaidia ukilisahau hilo.

Kuuliza si ujinga. Asiyejua na aulize ofisi ya forodha au chama cha wenye motokaa kabla ya safari, maana swali la nyumbani halina gharama, na swali la mpakani hujibiwa huku gari limesimama.