Kutawakali Hakuzuii Kuchunguza



Ndugu msomaji, madishi yaliyo juu ya mapaa yetu huelekea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kwa vyombo vya namna hiyo tunawaona mahujaji wakiwa Arafa saa ile ile wanaposimama. Huko juu hupelekwa na roketi, na roketi haisamehe uzembe.

Tarehe 1 Septemba 2016, huko Cape Canaveral, Florida, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ya Marekani iliripuka ingali imesimama, ikijazwa mafuta kwa majaribio ya injini. Hakuna aliyeumia, lakini setilaiti ya AMOS-6 iliyokuwa juu yake iliteketea. Sehemu ya kazi yake ingekuwa kufikisha intaneti katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, hivyo hasara ile ilitugusa hata sisi.

Kampuni ilisimamisha safari zake. Kwa muda wa miezi minne wataalamu walichunguza hadi wakaifikia sababu. Ndani ya tangi la oksijeni yenye baridi kali mlikuwa na mitungi ya gesi ya heliamu. Bitana ya alumini ya mtungi ilibonyea, oksijeni ikanaswa kati ya bitana hiyo na nyuzi za kaboni zilizouzunguka mtungi, na humo ndimo moto ulimoanzia. Wakabadili utaratibu wa kujaza, na tarehe 14 Januari 2017 wakarusha tena kutoka California. Setilaiti 10 za Iridium zikafika salama. Tarehe 30 Machi waliipeleka setilaiti ya SES-10 kwa kutumia sehemu ya chini ya roketi iliyokwisha kuruka Aprili 2016. Mwaka 2017 ulipokwisha, walikuwa wamerusha roketi mara 18, na zote zilifaulu.

Kampuni ile inatafuta faida ya dunia, lakini mazingatio ni yetu sote. Mtoto anapoanguka mtihani au duka la familia linapofilisika, wengi wetu husema, “Ni qadari ya Allah.” Kauli hiyo ni ya kweli, na kuamini qadari ni nguzo ya imani. Kosa ni kuitumia kufunga mlango wa kuuliza. Wengine hukimbilia lawama: baba humlaumu mama, mama humlaumu mwalimu, na wote humlaumu mtoto. Katika hali zote mbili, mtungi ulioharibika haujulikani.

Mtoto aliyeanguka hesabu pengine haoni vizuri ubaoni. Pengine hukosa vipindi kwa kulea wadogo zake. Pengine hakuelewa kugawanya tangu darasa la nne, na kila mwaka masomo yakajengwa juu ya ufa ule. Kiboko hakitibu hata moja katika hayo matatu.

Dini yetu imetangulia kutufundisha haya. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali. Na baada ya msiba wa Uhud, Surat Aal Imran haikuishia kuwaliwaza waumini. Ilitaja kilichosababisha: kuzozana na kuasi amri, pale wapiga mishale walipoziacha nafasi zao. Kisha ikatangaza msamaha wa Allah, na Mtume akaamrishwa awasamehe na ashauriane nao. Sababu ilisemwa wazi, na waliokosea hawakutupwa.

Basi wazazi, wiki hii chagueni jambo moja lililoharibika nyumbani. Kaeni pamoja baada ya Isha, watoto nao wapewe nafasi ya kusema. Ulizeni kilichoharibika ni nini kabla ya kuuliza ni nani aliyekosea, kisha mbadili jambo moja na mtawakali kwa Mola wenu.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.