Gari la Nyumbani: Springi Ngumu si Dawa ya Kila Barabara

Gari la mkazi wa Kamembe halina barabara moja. Asubuhi huteremka kwenye lami kuelekea Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, bondeni ambako ardhi iko chini kuliko mahali pengine popote katika Rwanda. Jioni hupanda tena, kisha huiacha lami na kufuata njia ya udongo yenye mawe na makorongo hadi mlangoni. Siku nyingine huvuka mto Rusizi kwenda Bukavu. Na likizo inapofika, huchukua baba, mama, watoto na mizigo hadi Kigali kupitia msitu wa Nyungwe, safari ya zaidi ya kilomita 200 yenye kona zisizohesabika.

Si ajabu basi kwamba mwenye Corolla au Carina, akianza kusikia vishindo chini ya miguu, hupewa ushauri ule ule na majirani zake: linyanyue gari, litie springi ngumu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Mara nyingi hata hivyo hula mshahara wa miezi miwili na kuacha ugonjwa pale pale ulipokuwa.

Yafaa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu, ambayo mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa huiita amortisseur, haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo, ili gurudumu lishikamane na ardhi. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halifuati usukani. Katika Nyungwe, ambako barabara hupanda hadi kimo cha takriban meta 2,500, ambako mvua na ukungu ni mambo ya kawaida na malori hujikongoja mbele ya kila msafara, tofauti kati ya shokapu nzima na iliyochoka huonekana katika meta chache za mwisho kabla gari halijasimama. Meta hizo ndizo anazozinunua mwenye gari. Raha ya kukaa kitini ni nyongeza tu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hapana budi gari likaguliwe. Fundi abonyeze kwa nguvu kila pembe ya gari na kuiachia: ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu hivi, shokapu ya hapo inatiliwa shaka. Mafuta yaliyotiririka juu ya mwili wa shokapu ni ushahidi ulio wazi zaidi, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde ni ushahidi mwingine. Lakini kishindo peke yake hakithibitishi kosa la shokapu. Mara nyingi hutoka kwenye bushi za mikono ya chini, kwenye boljointi, au kwenye raba iliyo juu ya shokapu ya mbele, vitu vya bei nafuu ambavyo udongo na maji huvimaliza mapema. Mtu anayefunga shokapu mpya za thamani juu ya bushi zilizopasuka amevaa koti jipya juu ya shati lililochanika, na kishindo kitarudi kabla ya mwezi kwisha.

Watengenezaji wengi hushauri shokapu zikaguliwe kwa makini zifikapo kilomita 80,000. Kwenye njia za udongo na mawe ni busara kutangulia. Hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja, kwa kuwa moja mpya na moja ya zamani hulivuta gari upande mmoja wakati wa breki. Kwa matumizi ya kila siku, shokapu ya mafuta yenye gesi kidogo, iliyotengenezwa kwa aina hiyo hiyo ya gari, kama zile za KYB au Monroe, yatosha kabisa. Zile za bomba moja lenye gesi ya shinikizo kubwa, ambazo Bilstein ilianza kuzitengeneza mwaka 1957 kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz, hustahimili joto vizuri zaidi, ila nyingi ni ngumu na bei yake ni kubwa. Shokapu za mtumba ni biashara ya hasara: zimekwisha kutumika, na hakuna anayejua zilikotoka. Kati ya shokapu nne za mtumba na mbili mpya, mwenye fedha kidogo achukue mbili mpya, azifunge kwenye mhimili uliochoka zaidi, na kuyasubirisha magurudumu mengine.

Springi ngumu ina mahali pake. Familia inayopakia watu watano na magunia ya mchele wa Bugarama kila wiki, hata nyuma ya gari ikainama, yaweza kufunga springi za nyuma zenye nguvu kidogo zaidi, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Springi hiyo hiyo kwenye gari linalobeba dereva peke yake hulirusha gari juu ya kila jiwe. Aidha haiongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Mhimili, breki na matairi hubaki vile vile.

Kunyanyua gari ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa zaidi. Vipande vya chuma au raba ngumu vinavyowekwa juu ya shokapu za mbele huongeza nafasi chini ya gari, lakini vikizidi sentimeta mbili au tatu huanza kunyoosha boljointi na viungo vya mihimili inayozungusha magurudumu kupita pembe yake. Uzito wa gari nao hupanda juu, nalo huegemea zaidi kwenye kona. Taa za mbele zaweza kumulika machoni mwa dereva anayekuja.

Wazee wa barabara hizi wanaikumbuka Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ile iliyouzwa kwa watu wa kawaida ilipendwa kwa springi zake laini na kwa nafasi ndefu ya gurudumu kupanda na kushuka. Ilimeza shimo, haikupigana nalo.

Kazi yenyewe isifanywe uani kwa kamba. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na lazima ishikwe kwa kibano maalumu. Boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, vinginevyo raba hujipinda na kupasuka upesi. Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa alaimenti, taa zirekebishwe ukutani, kisha lijaribiwe na mzigo wake wa kawaida, kuteremka Bugarama na kurudi, kabla ya kuwachukua watoto kwenda Nyungwe.